Hela ya Mlangoni

Hotuba kwa mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha akiba na mikopo, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, mama mweka hazina, wanakikundi wenzangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba pilau imeshaiva, kwa hiyo nikizidisha mtaniwia radhi, lakini msiondoke.

Mwezi wa tatu kijana mmoja wa humu alinifuata pale nje baada ya kikao. Ofisi yake inataka kumhamishia Nairobi. Akaniuliza, "Kaka, wewe umeishi kule. Chumba bei gani?" Nikamtajia. Akatoa simu, akabadilisha hela ya Kenya kuwa ya kwetu, akaguna. "Mara mbili ya hapa! Bora nibaki nilipo." Siku ile nilimjibu ovyo ovyo. Leo nataka nimjibu sawasawa, na nyinyi mkiwa mashahidi, maana jibu lenyewe linagusa daftari la kikundi hiki.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa Sinza, mwaka 2013. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo na bafu uani. Kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Mshahara wangu ulikuwa 450,000. Mtu akipiga hesabu ya haraka atasema huyu kijana alikuwa amejipata, kodi haifiki hata moja ya tano ya mshahara.

Sasa sikilizeni. Katika maisha yangu yote Sinza hakuna mtu aliyewahi kunidai 80,000. Baba mwenye nyumba alitaka miezi sita, yaani 480,000. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Kabla ya hapo dalali huyo huyo alikuwa ameshakula 10,000 ya kunizungusha kuangalia vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na watu ndani, mmoja anakaanga samaki. Jumla 570,000. Mshahara 450,000, na siku ya kupewa ufunguo unatakiwa uwe na 570,000 mkononi, godoro bado hujanunua. Hiyo mimi naiita hela ya mlangoni. Nawaombeni mlishike neno hilo, nitalirudia.

Maisha ya ndani ya ile nyumba nayaacha, isipokuwa moja. Luku ilikuwa moja kwa vyumba sita. Mita ilikaa koridoni, juu ya mlango wa mama mmoja muuza vitumbua, na kila jioni ungemkuta mtu amesimama chini yake, shingo juu, anasoma yuniti zilizobaki. Zikiisha kabla ya siku zake upelelezi unaanza: nani kanunua friji, nani anachemsha maji kwa umeme. Mimi nilikuwa na pasi. Nilikuwa napiga mashati yangu yote matano Jumapili saa nane mchana, watu wamelala, mlango nimefunga. Nilijiona mjanja. Kumbe ile taa ndogo nyekundu ya mita, ukiwasha kitu kinachokula umeme, inakonyeza mbio mbio. Mama wa vitumbua alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anaitazama tu. Jioni akaniambia, "Baba, leo ongeza elfu moja." Sikubisha.

Lakini mama huyo huyo, nilipolala na malaria siku nne, ndiye aliyeniletea uji. Hilo pia ni sehemu ya kodi, na hakuna orodha ya miji ghali na miji rahisi inayolihesabu.

Miezi sita ikaisha. Mnajua inavyokuwa: mwezi wa kwanza unajisikia kama nyumba ni yako, mwezi wa tano ukisikia viatu vya mwenye nyumba koridoni unashusha sauti ya redio. Kuweka 80,000 kila mwezi bila kuigusa kunataka moyo, na moyo huo mimi sikuwa nao. Mdogo wangu Tanga alitakiwa ada. Mama akaumwa. Nilipofungua bahasha nikakuta 310,000. Baba mwenye nyumba akasema miezi sita au chumba.

Rafiki yangu akanitafutia chumba Goba, ndani ndani huko, wakati ule bado mashamba ya mihogo. Shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi sita 300,000, dalali hakuna. Nikahama na gari dogo la mizigo, Kirikuu moja. Kila mtu akanipongeza: umepunguza matumizi.

Tupige hesabu. Sinza nilikuwa natumia daladala moja kwenda Posta, 400 kwenda, 400 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 20,800. Goba ilikuwa bodaboda 1,000 mpaka barabarani, daladala 400 mpaka Mwenge, nyingine 400 mpaka Posta. Kwenda na kurudi 3,600 kwa siku, kwa mwezi 93,600. Nimeokoa 30,000 kwenye kodi, nimeongeza 72,800 kwenye nauli. Na Sinza nilikuwa naamka saa kumi na mbili kasoro. Goba nilikuwa naamka saa kumi na nusu, na mvua za masika zikianza bodaboda anakuangalia viatu kwanza kabla ya kukutajia bei.

Mtaniuliza, ulikuwa hujui kujumlisha? Nilikuwa najua. Mtu wa forodha kama mimi asiyejua kujumlisha hafiki mbali. Nilihamia Goba kwa sababu 300,000 nilikuwa nayo na 480,000 sikuwa nayo. Basi. Kwa kukosa 180,000 za siku moja, nikalipa karibu 43,000 za ziada kila mwezi kwa muda wote niliokaa kule. Humu ndani nikisema walioishi hadithi hii wanyooshe mikono, pilau itapoa.

Mwaka 2016 kazi ikanipeleka Nairobi. Nikapanga Zimmerman, upande wa barabara ya Thika. Wenyewe wanaita bedsita: chumba kimoja, choo na bafu humo humo, sinki la vyombo kwenye kona, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Shilingi 9,000 za Kenya. Wakati ule shilingi moja yao ilikuwa kama 21 hadi 22 zetu, kwa hiyo weka 195,000. Kijana wangu wa mwezi wa tatu alikuwa sahihi, ni zaidi ya mara mbili ya Sinza.

Mlangoni je? Kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Shilingi 18,000 zao, kama 390,000 zetu. Dalali sikumwona: getini kimebandikwa kibao kwamba kuna chumba, unaingia, unamuuliza keateka, yaani mwangalizi wa jengo, anakufungulia uone. Kwa hiyo chumba cha kodi kubwa zaidi kilinidai mlangoni hela ndogo zaidi. Halafu nusu ya hela hiyo, kwa maandishi, bado ni yangu. Sisemi ni rahisi kuipata. Siku naondoka nilirudishiwa 5,500, nyingine nikaambiwa zimekwenda kwenye rangi ya ukuta. Ukuta nilioukuta na misumari kumi na moja, niliihesabu.

Na usidhani Nairobi ni peponi. Pale kwetu maji yalitoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine unabeba dumu la lita ishirini ngazi nne, unapumzika ya pili unajifanya unaangalia simu. Dirisha langu lilitazama ukuta wa jengo la pili kwa karibu kiasi kwamba jirani wa kule akikaanga vitunguu mimi ndiye ninayetoa machozi. Saa sita mchana nawasha taa. Mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye unga. Jioni mvua ikidondoka tu, matatu ya shilingi 50 inakuwa 100 na hakuna anayeuliza kwa nini. Tarehe 5 ikipita hujalipa, keateka anagonga, na tarehe 10 unaweza kukuta kufuli lake juu ya kufuli lako. Miaka miwili na nusu nimekaa pale, jirani wa mlango wa kushoto sikuwahi kulijua jina lake. Nilijua viatu vyake.

Lakini mshahara ukija mara moja kwa mwezi na kodi ikidaiwa mara moja kwa mwezi, kichwa kinatulia. Nilikaa karibu na kazi. Nilinunua kitanda kizuri. Ada ya mdogo wangu nilikuwa naipeleka kwa wakati, kwa sababu hakukuwa na jabali la miezi sita linanisubiri mbele ya safari.

Wenzetu hao wana sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji. Tatizo ni kwamba inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa hela hiyo Nairobi ya leo utapata chumba cha mabati, ukibahatika. Sheria ipo, imekaa kama kanzu ya babu kabatini, hakuna inayemwenea. Sisi kwetu tulikuwa na ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaelewana wawili, mmoja ana ufunguo mwingine hana.

Nitapita Dubai haraka. Mwaka 2018 nilikwenda kufuatilia mizigo, nikalala wiki tatu Deira kwa vijana wa Tanga na Mombasa. Nikisema kwa vijana, namaanisha kitanda. Kule wanapanga kitanda: chumba kimoja vitanda sita, kila kitanda na pazia lake, na nyuma ya pazia mtu ana soketi, feni ndogo ya kubana na picha ya watoto wake. Ukitaka fleti nzima, mkataba wake unasajiliwa serikalini kwenye mfumo uitwao Ejari. Neno hilo tunalo, ndilo ijara yetu na ujira wetu, limevuka maji tu. Kodi ya fleti kule inatajwa kwa mwaka na inalipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Hapo ndipo nilipofunguka macho. Fleti ile ile, ukitoa hundi moja ya mwaka mzima unapunguziwa bei, ukitaka hundi nne au sita inapanda. Wameandika waziwazi kile ambacho sisi tunakificha, kwamba muda wa kulipa ni bidhaa na una bei yake. Ila kule anayelipa kwa mkupuo anapunguziwa. Hapa kwetu tunalipa kwa mkupuo na asante hatupewi.

Halafu kuna dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi Berlin. Nilipokwenda kumtembelea nilidhani nitakuta kodi ya kutisha, na kweli ni ya kutisha ukiibadilisha kwa shilingi. Wajerumani wana kodi baridi na kodi ya moto, sitanii. Kodi baridi ni ya kuta peke yake. Ya moto imeongezwa maji, takataka na ule moto wa kupasha nyumba wakati wa theluji. Tangazo likikutajia bei, uliza kwanza ni baridi au moto. Na fleti nyingi hupewi na jiko: dada alikabidhiwa chumba cha kupikia chenye mabomba mawili ukutani na soketi, sinki na makabati akayanunua kwa mpangaji aliyekuwa anatoka.

Lakini tazama mlango wao. Sheria inasema dipoziti isizidi kodi baridi ya miezi mitatu, mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, na mwenye nyumba lazima aiweke mbali na hela zake mwenyewe, tena izae riba, na riba ni ya mpangaji. Dalali naye, tangu mwaka 2015, anayemwita ndiye anayemlipa. Mwenye nyumba akimtuma dalali, mwenye nyumba alipe. Uingereza nao mwaka 2019 wakawapiga marufuku mawakala kumtoza mpangaji ada zao, na dipoziti kwa nyumba za kawaida haivuki wiki tano za kodi. Dalali wangu wa Sinza angehamia kwenye kilimo.

Mtasema basi Berlin maisha yamenyooka. Dada alitafuta fleti miezi minane. Siku moja nilimsindikiza. Foleni ya watu kama arobaini imeshuka ngazi mpaka barabarani, kila mmoja na faili: hati za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi, karatasi ya kuonyesha huna madeni. Mle ndani tulipewa kama dakika tano, tukatoka, hatukupigiwa simu. Hela anayo, sheria anayo, mlango hauonekani. Serikali ya jiji ilijaribu kuzifungia kodi zisipande, mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwezi wa nne 2021 mahakama ya katiba ikasema jiji halina mamlaka hayo. Wapangaji wengi wakatakiwa walipe tofauti ya nyuma. Kwa hiyo hela ya mlangoni hata Ujerumani inaweza kukurukia kutokea dirishani.

Wanakikundi, humu ndani kuna wenye nyumba. Nimewahesabu, ni wanne, na mmoja ni baba mwenye nyumba wangu wa sasa, yupo safu ya tatu, shikamoo baba. Ningekuwa mnafiki kama ningemaliza bila kusema ya upande wake.

Mzee wangu huyu mwenye nyumba alijenga kwa mafao yake ya kustaafu na kwa miaka tisa. Msingi mwaka huu, matofali mwaka kesho, bati mwaka wa nne. Mikopo ya nyumba ya benki riba yake ni tarakimu mbili, na benki yenyewe inataka hati ambayo mitaa yetu mingi haina. Kwa hiyo vyumba viwili vya kwanza vilipokamilika alipangisha, akachukua miezi kumi na miwili kwa mkupuo, akanunua saruji ya vyumba viwili vya nyuma. Wapangaji ndio waliokuwa benki yake. Mimi ninayekaa chumba cha nyuma nimejengewa kwa hela ya yule aliyekaa chumba cha mbele. Nikimwambia leo achukue mwezi mmoja mmoja, namwambia afunge benki. Na akimchukua mtu wa mwezi mmoja, mtu akakaa miezi mitatu halipi, atamtoa kwa nguvu gani? Atakwenda serikali ya mtaa, ataambiwa rudi Jumatatu.

Kwa hiyo mwenye nyumba anataka fungu, mpangaji anapokea vipande. Katikati yao anakaa dalali, au anakaa mkopo. Na mkopo huo, ndugu zangu, ni wetu. Nilimwomba mama mweka hazina anifungulie daftari. Mikopo tuliyotoa mwaka jana ilikuwa 31, na 14 imeandikwa kodi. Mwanakikundi wa chumba na sebule cha 150,000 anakopa 900,000, anarudisha 990,000. Maana yake kodi yake si 150,000, ni 165,000. Ile 15,000 ya ziada kila mwezi anailipa kwetu, halafu Desemba tunagawana faida na kupiga makofi. Karibu nusu ya makofi hayo tunampigia mwenzetu aliyekosa hela ya mlangoni.

Pendekezo langu ni hili, na mwenyekiti ameniruhusu nilitaje. Tufungue daftari la pili, la kodi peke yake. Mwanakikundi aweke kila mwezi kodi yake ya mwezi, Jumamosi ya kwanza, kama hisa. Siku ya kulipa ikifika, kikundi kimlipe mwenye nyumba fungu lake lote, pale mwanakikundi alipopungukiwa kikundi kijazie bila riba, naye aendelee kuweka mpaka pengo lizibe. Tuanze na watu sita, miezi sita, tuone nani anakimbia. Wale wenye nyumba wanne nawaomba kitu kimoja: vyumba vyenu vikiwa wazi, semeni hapa kwanza kabla ya kumpigia dalali. Kikundi kitakuwa mdhamini. Mtu akikimbia mnatudai sisi, hamuendi serikali ya mtaa.

Kijana wangu wa mwezi wa tatu, nakuona pale karibu na mlango. Nairobi nenda. Ukifika usiulize chumba bei gani peke yake. Uliza mlangoni wanataka kiasi gani, maji yanatoka siku ngapi, na ukae hapo kitandani usiwashe taa uone kama unaweza kusoma. Dipoziti andikishiana na upige picha kuta zote, na misumari.

Naomba kuwasilisha. Naona baba mwenye nyumba wangu ameshanyoosha mkono.